Kapteni Myles Standish: kumfuatilia babu wa mgambo kwa kuanzia wasia wake

Tarehe 4 Mei 1657, mahakama ya koloni la Plymouth, katika pwani ya Amerika Kaskazini ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Massachusetts, ilipokea wasia wa mzee aliyefariki tarehe 3 Oktoba ya mwaka uliotangulia. Mzee huyo ni Myles Standish. Alifika huko mwaka 1620 kwa meli ya Mayflower, akiwa askari wa Kiingereza aliyewahi kupigana Uholanzi, na kazi aliyokusudiwa ilikuwa ulinzi wa walowezi. Februari 1621 walowezi walimchagua kuwa kapteni wa mgambo wao, na kwa miaka zaidi ya 30 iliyofuata hakuna aliyelinganishwa naye katika mambo ya silaha hapo koloni. Alikufa akiwa na shamba, nyumba, mifugo na wana wanne. Watu wengi Marekani humtaja leo kuwa babu yao, na wengi wao wamebeba habari zake jinsi walivyozipokea nyumbani, bila kuzipima kwa hati.

Kisa chake nakichambua kwa sababu kinaonyesha vizuri tatizo linalomkabili kila anayefuatilia babu aliyekuwa askari na mlowezi: habari za vita vyake ni nyingi, ilhali habari za ukoo wake ni chache na zenye utata, na mara nyingi zile nyingi hutumiwa kuziba pengo la zile chache. Maoni yangu ni kwamba katika kisa hiki mtafiti anapaswa kuanza na wasia na kurudi nyuma, si kuanza na kuzaliwa na kwenda mbele. Wasia ndiyo hati ambamo Standish mwenyewe anautaja ukoo wake, tena kwa lengo linaloeleweka, yaani kugawa mali.

Mashamba aliyoyadai

Kifungu kinachogombaniwa zaidi ni kile anachomwachia mwanawe mkubwa, Alexander, mashamba yaliyoko Uingereza. Anayataja kwa majina: Ormskirk, Burscough, Wrightington, Mawdesley, Newburgh na Croston, vyote vikiwa vijiji na miji ya Lancashire, kisha anaongeza mashamba ya Kisiwa cha Man. Anasema alistahili kuyapata akiwa mrithi halali kwa ukoo, lakini yalizuiwa kwa hila, na kwamba baba wa babu yake alikuwa mtoto wa pili, au mmoja wa wadogo, katika nyumba ya Standish wa Standish.

Katika maneno hayo kuna mambo matatu, na uzito wake haulingani. La kwanza ni orodha ya mahali. La pili ni nasaba. La tatu ni lalamiko. Mtu anayedai urithi ana sababu ya kuikuza haki yake na kuipandisha hadhi ya ukoo wake, kwa hiyo nasaba na lalamiko yanahitaji ushahidi mwingine kabla ya kukubaliwa. Lakini hana sababu ya kutunga majina ya vijiji vidogo, tena saba kwa mpigo ukihesabu na kisiwa, mbele ya warithi ambao wangeyafuatilia. Isitoshe, umiliki wa ardhi huacha hati, na hati hizo zinaweza kutafutwa. Kwa hiyo orodha ya mahali, ambayo wasomaji wengi huipita haraka ili wafike kwenye jina la nyumba kubwa, ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko yote.

Kwa muda mrefu watafiti hawakupita njia hiyo. Nathaniel Morton, katibu wa koloni, aliandika mwaka 1669 kwamba Standish alizaliwa Lancashire na alikuwa mrithi wa mali kubwa. Lancashire kulikuwa na nyumba mbili zenye jina hilo, moja ya Standish wa Standish na nyingine ya Standish wa Duxbury, karibu na Chorley. Kwa kuwa mji aliouhamia Amerika uliitwa Duxbury, wengi waliamini kwamba alitoka katika nyumba ya pili. Katikati ya karne ya 19 wazao wake wa Marekani walichanga fedha na kumtuma wakala Uingereza atafute mali iliyopotea. Katika daftari la ubatizo la parokia ya Chorley, ukurasa wa miaka ya 1580 ambamo jina lilitarajiwa kuwemo ulikutwa hausomeki, na kukazuka tuhuma kwamba ulifutwa makusudi na waliokuwa wakinufaika na mashamba.

Tuhuma hiyo haina msingi wa kuiegemea. Ukurasa usiosomeka haushuhudii lolote, wala kwamba jina lilikuwemo wala kwamba halikuwemo, na madaftari ya parokia ya zama hizo yameharibika kwa unyevu na kwa kushikwashikwa katika sehemu nyingi. Mwaka 1584 unaorudiwa katika maandishi mengi kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake hauna hati ya ubatizo nyuma yake. Ni makadirio, na anayeujaza katika shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba, aandike kuwa ni makadirio. Jina la mji wa Duxbury nalo ni kidokezo tu, na linapogongana na wasia, wasia ndio unaopaswa kusikilizwa kwanza, kwa kuwa Standish mwenyewe anataja nyumba ya Standish wa Standish na haitaji nyumba ya Duxbury hata mara moja.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kasisi Thomas Cruddas Porteus wa huko Lancashire alifanya kile ambacho kingepaswa kufanywa tangu mwanzo. Aliacha kutafuta ubatizo akatafuta hati za ardhi za mahali palipotajwa katika wasia. Alikuta kwamba mashamba hayo yalikuwa mikononi mwa tawi la Standish wa Ormskirk, lililochipuka kutoka nyumba ya Standish wa Standish, na kwamba tawi hilo lilikuwa na ndugu katika Kisiwa cha Man. Nguvu ya maelezo haya ni kwamba yanaieleza orodha nzima kwa pamoja, pamoja na kile kisiwa ambacho nadharia ya Chorley haikuwa na mahali pa kukiweka. Wanahistoria bado wanajadiliana kama alizaliwa bara au kisiwani, na wapo wanaoshikilia Chorley. Kwa uzito wa ushahidi, mimi naona tawi la Ormskirk na Man ndilo linalosimama. Hata hivyo tawi si mzazi. Hakuna hati iliyomtaja baba yake wala mama yake, na mahali pao katika shajara panapaswa kubaki wazi hadi hati ipatikane.

Tarehe, mkaza mwana na wana wawili wa jina moja

Wasia una tarehe ya 7 Machi 1655, na hapa mtafiti asiye makini huteleza. Katika kalenda iliyotumiwa na Waingereza hadi mwaka 1752, mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Machi 7 ya 1655 kwao ni Machi 7 ya 1656 kwetu. Jambo hili linaweza kuthibitishwa ndani ya wasia wenyewe. Standish anaomba azikwe karibu na binti yake Lora na mkaza mwana wake Mary. Mary alikuwa mke wa Josiah, na alifariki tarehe 1 Julai 1655, baada ya miezi michache tu ya ndoa. Kama wasia ungekuwa umeandikwa Machi 1655 kwa hesabu yetu, Mary angekuwa hai. Kwa hiyo mzee aliuandika miezi saba kabla ya kufa kwake. Morton anaeleza kwamba alikuwa ameshazeeka, akafa kwa ugonjwa wa mawe wenye maumivu makali.

Njia hiyohiyo ya kulinganisha hati mbili inatatua swali la watoto. Mwaka 1627 walowezi waligawana ng'ombe na mbuzi waliokuwa wa wote, wakapangwa watu 156 katika makundi 12 ya watu 13 kila moja, na majina ya wote yakaandikwa. Mgawo huu unastahili kuthaminiwa, kwa kuwa unawataja hata watoto wachanga. Kundi la tatu linaanza na Standish, mkewe Barbara, kisha Charles, Alexander na John. Karibu miaka 30 baadaye, wasia unawataja wana wanne: Alexander, Myles, Josiah na Charles, na Alexander ndiye anayeitwa mkubwa. Charles aliyekuwa wa kwanza mwaka 1627 sasa yuko mwisho, na John hayupo. Maana yake ni kwamba Charles wa kwanza alifariki na jina lake akapewa mdogo wake aliyezaliwa baadaye, na John naye hakuwepo tena. Gavana William Bradford, aliyeandika mwaka 1651 habari za abiria wote wa Mayflower, anasema Kapteni Standish alikuwa na wana wanne hai na wengine walikuwa wamefariki. Hati tatu zilizoandikwa kwa malengo matatu tofauti zinakubaliana, na huo ndio uthibitisho wa nasaba ulio bora.

Kuhusu wake zake, mambo ni mafupi. Rose, aliyekuja naye kwa Mayflower, alifariki Januari 1621, katika majira ya baridi yaliyoua karibu nusu ya abiria 102. Barbara alifika mwaka 1623 kwa meli ya Anne. Shajara nyingi za ukoo zinamfanya Barbara kuwa dada yake Rose, lakini hakuna hati inayosema hivyo, wala inayotaja jina la baba wa yeyote kati yao.

Lora, binti anayetajwa kwa mapenzi katika wasia, ameacha kitambaa alichokitarizi kwa mkono, chenye jina lake na maneno ya kumwomba Mungu auongoze moyo wake. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya Pilgrim Hall mjini Plymouth. Ni jambo la nadra sana kwa msichana wa koloni wa wakati ule, na kwangu mimi ni shahidi wa maisha ya nyumba hiyo kuliko panga zote zinazosemekana kuwa za baba yake.

Pauni 3 za Mercy Robinson

Katikati ya wasia kuna kifungu kidogo ambacho hakigusi ardhi wala wana. Standish anamwachia Mercy Robinson, ambaye anasema anampenda sana kwa ajili ya babu yake, pauni 3. Babu huyo ni mchungaji John Robinson, kiongozi wa kanisa la Waingereza waliokimbilia Leiden nchini Uholanzi, ambao baadhi yao ndio walioanzisha Plymouth. Robinson mwenyewe hakuvuka bahari. Ili kuelewa uzito wa pauni hizo, ni lazima kurudi mwaka 1623.

Machi ya mwaka huo, Edward Winslow, mlowezi wa Plymouth, alikwenda kumtibu Ousamequin, mkuu wa Wampanoag, wenyeji wa eneo hilo, ambaye Waingereza walimwita Massasoit, aliyekuwa mgonjwa sana. Alipopata nafuu, Ousamequin aliwapa Waingereza habari kwamba watu wa Massachusett, kabila jingine la wenyeji, walipanga kuwashambulia walowezi wa Wessagusset, kijiji kingine cha Waingereza kaskazini mwa Plymouth, na kisha Plymouth yenyewe. Wessagusset kulikuwa na njaa, na walowezi wake walikuwa wakiwaibia wenyeji mahindi. Standish alichukua watu wanane akaenda. Hakwenda kupigana uwanjani. Alingoja hadi Pecksuot na Wituwamat, wapiganaji wawili mashuhuri, walipokuwa pamoja naye chumbani na watu wachache, mlango ukafungwa, naye akamnyang'anya Pecksuot kisu alichokivaa shingoni na kumuua nacho. Wituwamat aliuawa humohumo, na mdogo wake, kijana wa miaka 18, alinyongwa. Kichwa cha Wituwamat kilipelekwa Plymouth kikasimikwa juu ya ngome, ambayo pia ilikuwa mahali pa ibada.

Habari hizi tunazipata hasa kwa Winslow, aliyezichapisha London mwaka 1624. Winslow hakuwepo chumbani, na aliwaandikia Waingereza wa London ambao koloni lilitegemea fedha zao, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuonyesha kwamba njama ilikuwa ya kweli na kwamba kapteni alitenda kwa lazima. Ndiye pia anayesimulia kwamba Pecksuot alimdhihaki Standish siku moja kabla, akimwambia kwamba ingawa ni kapteni mkubwa, mwili wake ni mdogo. Masimulizi mengine, ya Phineas Pratt aliyekimbia kutoka Wessagusset kwenda kuwaonya watu wa Plymouth, na ya Thomas Morton ambaye Standish alimkamata mwaka 1628 na ambaye alimchukia waziwazi, nayo ni ya Waingereza. Ndugu wa waliouawa hawakuacha maandishi. Kilichoonekana kwa wote ni matokeo: wenyeji wa maeneo ya jirani walikimbilia kwenye vinamasi, hawakulima, na wengi, pamoja na wakuu wao kadhaa, walikufa kwa maradhi.

Robinson alipopata habari, aliandika barua kutoka Leiden tarehe 19 Desemba 1623. Alisikitika kwamba ingekuwa furaha kubwa kama wangewaongoa baadhi ya watu kabla ya kumuua yeyote. Juu ya Standish alisema anampenda na anaamini Mungu ndiye aliyewapa, lakini anahofia kwamba anapochokozwa, huenda akakosa ule upole unaostahili kwa uhai wa mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Ni maneno makali kutoka kwa mchungaji aliyempenda. Mwaka 1625 Standish alitumwa London kwa mazungumzo na wafadhili wa koloni, na aliporudi mwaka 1626 ndiye aliyeleta habari kwamba Robinson amefariki.

Wapo wanaozisoma pauni 3 za Mercy kama toba. Wasia hausemi hivyo, na mtafiti hana haki ya kumtilia marehemu maneno mdomoni. Kinachothibitika ni kwamba miaka zaidi ya 30 baada ya kukemewa kwa maandishi, Standish alimkumbuka aliyemkemea kwa mapenzi kuliko mtu yeyote aliye nje ya jamaa yake. Mwenye kuandika habari za babu huyu anapaswa kuviweka vyote viwili, mauaji ya Wessagusset na pauni 3, kila kimoja na hati yake, wala kimoja kisitumike kukifuta kingine. Ninasema hivi kwa msisitizo kwa sababu katika historia nyingi za kifamilia Wessagusset hupewa mstari mmoja, huku nafasi ikijazwa na kisa cha uchumba wake kwa Priscilla Mullins, ambacho kilienezwa na shairi la Henry Wadsworth Longfellow la mwaka 1858. Katika shairi hilo rafiki yake John Alden anatumwa kumposea na mwishowe anaoa yeye. Hakuna hati ya wakati ule inayokiunga mkono kisa hicho, ilhali tunajua kwa hakika kwamba Alexander Standish alimwoa Sarah, binti wa John Alden na Priscilla.

Mlowezi na ardhi aliyoipata

Mwaka 1627 Standish alikuwa mmoja wa walowezi wanane waliobeba deni la koloni kwa wafadhili wa London, pauni 1,800 zilizopaswa kulipwa pauni 200 kila mwaka. Baadaye alihamia ng'ambo ya ghuba, mahali palipokuja kuwa mji wa Duxbury mwaka 1637, penye kilima ambacho hadi leo kinaitwa Kilima cha Kapteni. Kuanzia hapo kumbukumbu zinamwonyesha zaidi kama mwenye shamba na mweka hazina wa koloni kuliko kama askari.

Hati ninayoiona kuwa muhimu zaidi katika kipindi hiki ni ya Machi 1649, ambapo Ousamequin, yuleyule wa mwaka 1623, anakabidhi eneo kubwa la ardhi ambalo likawa mji wa Bridgewater. Standish na wenzake wawili, Samuel Nash na Constant Southworth, wanapokea kwa niaba ya watu wa Duxbury. Malipo yameorodheshwa: makoti 7, mashoka 9, majembe 8, visu 20, ngozi 4 za kulungu mkubwa wa nchi za baridi, na yadi 10 na nusu za kitambaa cha pamba. Mtu aliyelalamika hadi kufa kwake kwamba mashamba ya baba zake yalizuiwa kwa hila ameweka jina lake chini ya mapatano haya, na mzao anayetafuta haki ya Ormskirk asiisome hati moja akaiacha nyingine.

Orodha ya mali iliyofanywa Desemba 1656 ilifikia pauni 358 na shilingi 7, na nyumba pamoja na shamba vilihesabiwa pauni 140. Kulikuwa na bunduki na mifugo, na vitabu vingi kwa mlowezi: habari za vita vya Kaisari, Iliadi ya Homer, kitabu cha mafunzo ya askari wa mgambo, na Biblia.

Kati ya wana wanne, ni Alexander na Josiah peke yao wanaojulikana kuacha wazao, kwa hiyo anayedai nasaba ya Standish ni lazima apitie kwa mmoja wao. Alexander alibaki Duxbury, na Josiah akahamia Connecticut, ambako alifariki mwaka 1690. Wasia wa Alexander wa mwaka 1702 unalirudia dai la baba yake. Anasema mali ya Uingereza ameikabidhi kwa Robert Orchard aifuatilie, kwa hati ya uwakilishi iliyosainiwa na yeye pamoja na ndugu yake Josiah. Hati hiyo basi iliandikwa kabla ya kifo cha Josiah, na hapo ndipo ningemshauri mtafiti aelekeze nguvu zake: jina la Orchard litafutwe katika kumbukumbu za mahakama za Lancashire na za Kisiwa cha Man za nusu ya pili ya karne ya 17, kwa kuwa mdai yeyote wa mashamba ya urithi alipaswa kueleza alivyoyarithi, na dai lililofikishwa mahakamani lingemtaja baba wa Myles Standish kwa jina.